SOMO: Biashara ndogo mtandaoni bila kupoteza daftari la wateja

Wengi wakisikia "kuingia dijitali" hufungua ukurasa kwenye jukwaa kubwa, hupakia picha za bidhaa, basi. Oda zinaingia kweli, lakini anayemjua mteja, namba yake na alichonunua mara ya mwisho, ni jukwaa. Likipandisha kamisheni, unahamaje? Ndiyo maana naanzia kwenye daftari, picha baadaye.

Hatua ya 1: Punguza unachokusanya. Jina, simu, mahali pa kupeleka mzigo. Tarehe ya kuzaliwa ya nini? GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inataka hivyo: chukua zinazohitajika kwa kazi husika tu.

Hatua ya 2: Omba ridhaa ya matangazo peke yake. Aliyekupa namba ili apelekewe mzigo hajakuruhusu kumtumia ofa kila Ijumaa. Kisanduku kiwe tupu, atiki mwenyewe, na kujitoa kuwe rahisi vilevile.

Hatua ya 3: Soma masharti kabla ya kujisajili. Hapa usiwe na haraka. Naweza kupakua rekodi za mauzo yangu? Naruhusiwa kuuza kwingine kwa bei ya chini? Jukwaa lenyewe linauza bidhaa kama zangu? Hili la mwisho ndilo baya zaidi, maana refa anacheza huku anaona karata zako. Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliichunguza Amazon kwa kutumia data za wauzaji zisizo za wazi, na Desemba 2022 kampuni ikajifunga kuacha. Sheria ya masoko ya kidijitali ya huko, DMA, inawakataza "walinda lango", yaani kampuni kubwa zenye majukwaa ambayo biashara hupitia kuwafikia wateja, kushindana nawe kwa data zako, na inawalazimu kukupa bure data zinazotokana na biashara yako. Walioteuliwa kwanza, Septemba 2023, ni Alphabet (mwenye Google), Amazon, Apple, ByteDance (mwenye TikTok), Meta (mwenye Facebook) na Microsoft. Kama uko nje ya Ulaya, kinga yako ni mkataba na sheria za nchi yako, kwa hiyo soma mara mbili.

Hatua ya 4: Pakua nakala kila mwezi, ihifadhi nje ya jukwaa, weka nywila na uthibitisho wa hatua mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini tusisubiri serikali ziwabane hawa wakubwa?
Subiri, ila jipange. Uchunguzi wa Ulaya kuhusu Google kupendelea huduma yake ya kulinganisha bei ulifunguliwa 2010, faini ya euro bilioni 2.42 ikatoka 2017, rufaa ya mwisho ikaamuliwa Septemba 2024. Duka gani dogo linavumilia miaka yote hiyo?

Simu yenye namba za wateja ikiibiwa?
Ifunge na ufute data kwa mbali, ubadilishe nywila. Chini ya GDPR una saa 72, kuanzia ulipojua, za kuripoti kwa mamlaka ya ulinzi wa data, isipokuwa kama hakuna uwezekano wa hatari kwa wateja. Simu iliyosimbwa vizuri (data zake hazisomeki bila nywila) inakusaidia sana hapo.

Nikihama, nyota na maoni ya wateja nahama nayo?
Kwa kawaida hapana, na kwangu hilo ni pengo kubwa. Hata ukiyapakua, jukwaa jipya halilazimiki kuyapokea. Mwombe mteja aliyeridhika akuandikie moja kwa moja, na ruhusa ya kuyachapisha iwe ya maandishi.