Namna ya Kuonyesha Vurugu za Daiodi ya Leza Mezani

Daiodi ya leza, yaani kipande kidogo cha nusukipitishi kinachotoa mwanga wa leza, ikirudishiwa mwanga wake yenyewe kwa kioo, huacha kung'aa kwa utulivu na kuanza kuyumba kwa namna ambayo milinganyo ya watafiti Lang na Kobayashi ya mwaka 1980 huieleza vizuri. Chanzo chake ni kwamba wingi wa elektroni ndani ya nusukipitishi (dutu inayopitisha umeme kwa kiasi) hubadilisha kwa wakati mmoja ukuzaji wa mwanga na upindaji wake, hivyo kila mtikisiko wa nguvu huwa pia mtikisiko wa masafa, yaani wa rangi ya mwanga.

Andaa daiodi nyekundu ya miliwati chache, chanzo cha mkondo usioyumba, lenzi ya kunyoosha mwali, kioo bapa chenye skrubu za kurekebishia, fotodaiodi ya kasi (kihisi kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na osiloskopu ya megahezi 200 au zaidi (chombo kinachochora mabadiliko ya umeme). Usitazame mwali moja kwa moja, wala mwakisiko wake.

Kwa aliye Dodoma, adui wa kwanza ni ukavu. Mwezi Julai niliua daiodi kwa sweta ya nailoni niliyoivaa kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Cheche yenyewe hata sikuisikia. Vaa pamba, na ufunge mkononi kamba ya kupitisha umeme iliyounganishwa na ardhi. Pima asubuhi, kwa kuwa kizingiti cha leza, yaani mkondo ambapo mwanga wa leza huanza, hupanda joto linapopanda, na chumba chenye paa la bati hakingoji saa sita.

Pandisha mkondo polepole kutoka sifuri ukiandika nguvu ya mwanga. Pale ambapo mchoro unakunja ghafla kwenda juu ndipo kizingiti kilipo. Kisha weka kioo umbali wa mita 1.5, na katikati ya njia simamisha kwa mshazari kioo cha slaidi ya darubini ili kipeleke sehemu ndogo ya mwanga kwenye fotodaiodi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Shusha mkondo chini kidogo ya kizingiti, kisha zungusha skrubu kwa upole mpaka mwanga uruke ghafla: mwanga unaorudi umeingia ndani ya daiodi na kizingiti kimeshuka.

Sasa ongeza mkondo kidogo. Kwenye osiloskopu utaona nguvu ikiporomoka ghafla, kisha ikipanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikichukua takriban nanosekunde 10, ambazo ndizo muda wa mwanga kwenda na kurudi. Mapigo ya haraka zaidi yaliyo chini yake, yenye upana wa pikosekunde, chombo hiki hakiyaoni, kwa hiyo usidhani umeyaona yote.

Ziba njia ya kioo kwa karatasi nyeusi. Mporomoko ukiendelea, lawama ni ya chanzo chako cha umeme. Ukikoma, sogeza kioo hadi sentimita 75, urekebishe skrubu tena, na upime kama ngazi zimefupika hadi nanosekunde 5.