Kabla hujalipia kipimo cha saratani ya koo, uliza haya

Anza na dalili, bei itafuata. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, uvimbe shingoni usioondoka, makohozi yenye damu: muone daktari wa masikio, pua na koo, atakayepitisha kamera nyembamba puani aangalie koromeo na kisanduku cha sauti. Kama chakula ndicho kinachokwama, kwanza nyama na ugali, baadaye hata uji, unahitaji endoskopi, kamera inayopita mdomoni mpaka tumboni. Ni vipimo viwili tofauti: cha kwanza cha koromeo na sauti, cha pili cha koo la chakula, yaani mrija unaoshusha chakula tumboni. Ukipiga simu kuuliza tu "mnapima saratani ya koo?", utauziwa walichonacho.

Hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha saratani hii. Mashine ya kushika kiganjani inayotoa kurasa za majibu ya mwili mzima, achana nayo kabisa. Eksirei ya kunywa dawa nyeupe inaonyesha mahali palipobana, lakini haisemi kilichobana ni nini. Jibu linatoka kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa mahali penye shida na kusomwa maabara, na hapo ndipo nataka usikilize vizuri.

Shangazi yangu alikuwa ameshaanza kuloweka mkate kwenye chai ili ushuke. Familia ikalinganisha bei za kamera, ikachagua kituo cha karibu kilichokuwa nafuu. Kamera ikaingia vizuri, daktari akaona kidonda, akachukua vipande vidogo kama chenga za mchele. Kumbe kituo hakikuwa na maabara ya kusoma vinyama. Binamu yangu akakabidhiwa kichupa, akaambiwa apeleke mwenyewe mjini. Wikiendi ikaingia katikati. Alipofika, jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino lilikuwa limefutika nusu, na mtaalamu alipofungua hakusikia ile harufu kali ya formalini, dawa ya kuhifadhi vinyama visioze. Vinyama vilikuwa kwenye maji ya chumvi, vimeshaoza. Hakuna cha kusoma. Shangazi akarudi kufunga upya, kumezeshwa kamera upya na kulipa upya, na siku hizo zote anakonda, sasa hata chai inarudi. Lile bado linaniuma.

Kwa hiyo unapolinganisha vituo, bei ya kamera peke yake isikudanganye. Uliza: kinyama kimo ndani ya bei hiyo? Mna formalini hapo hapo? Nani anakisafirisha, na kinasomwa wapi? Majibu yanatoka baada ya siku ngapi, na nitapewa kwa maandishi? Anayejibu kwa kubabaika, mshukuru uende kwingine. Kwa Tanzania, hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina kamera pamoja na wataalamu wa kusoma vinyama. Kenya, Tenwek kule Bomet wamewahudumia wagonjwa wa koo la chakula kwa miaka mingi. Nauli ya kufika huko mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kurudia.

Mengine ni ya kawaida. Kama una bima, fuatilia rufaa na kibali kabla ya siku yenyewe. Usile kwa saa walizokuambia, kwa kawaida sita hadi nane. Taja dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Vua meno ya bandia. Nenda na mtu, maana ukipewa dawa ya usingizi huruhusiwi kuendesha gari wala pikipiki.

Kama huna dalili ila una wasiwasi kwa sababu ya sigara, ugoro, pombe au historia ya ukoo, usikimbilie kununua kifurushi. Ongea na daktari akupime hatari yako kwanza. Chai na uji acha vipoe: shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinachangia saratani ya koo la chakula. Na usijione mdogo kiumri, kwani huku kwetu Afrika Mashariki inawapata hata walio chini ya miaka 40.

Majibu ya kinyama tunza nakala yake, taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, watayataka kabla ya kuanza matibabu ya mionzi. Na kama hata maji hayapiti, usisubiri tarehe ya miadi. Nenda hospitali leo.