Kabla hujavuka Mokowe kwenda kuchomwa mionzi

Wazee wenzangu wa Amu (Lamu), nyinyi mlioambiwa mna kansa ya tezi dume na mwatakiwa Mombasa kwa mionzi, nawaambia ukweli, ugonjwa wenyewe mara nyingi huenda polepole, kinachotutesa sisi ni mkojo na njia.

Manake hebu fikiria, boti mpaka Mokowe, halafu basi, Witu, Garsen, Malindi, ndo uje ufike Mombasa, na kibofu hakikupi hata nusu saa. Safari ya kwanza nilijibana mpaka jasho likanitoka, konda ananambia subiri mzee twafika. Bas toka siku hiyo nakaa siti ya mbele, kikapuni mna chupa ya mdomo mpana na kikoi nimejitandika mapajani, hakuna anayejua. Lakini usiache kunywa maji ati ukojoe kidogo, mkojo ukiwa mzito huchoma zaidi. Kahawa ndo upunguze, najua ni vigumu.

Mionzi si siku moja. Wengine hupewa mara 20, Jumatatu mpaka Ijumaa, yaani kama wiki 4, wengine hufika mara 37, kwa hivyo pa kulala patafutwe mapema, kwa jamaa mwenye choo karibu na chumba, si ghorofa ya nne. SHA nayo, ile bima ya afya ya serikali, iangalie kabla kama iko sawa, usije ukajua pale dirishani. Halafu kila siku hutakiwa kibofu kijae na choo kubwa uwe umeshaenda, ili viungo vikae palepale na mionzi isipotee njia, basi uliza unywe maji kiasi gani na saa ngapi. Mahamri na mbaazi zitakungoja, gesi tumboni huharibu hesabu.

Sindano za homoni, zile za kushusha homoni ya kiume inayolisha kansa, kuna za kila mwezi na za kila miezi 3, sie wa visiwani tuulizie hizo za miezi 3. Zaleta joto la ghafla (mie nilidhani ni kaskazi), mifupa hupungua nguvu kwa hivyo ngazi za jeti maji yakipwa shika mkono wa mtu, na hamu ya chumbani hushuka. Hiyo mwambie mkeo kabla. Mie nilinyamaza, akadhani nina mtu Matondoni, miezi miwili chakula napewa na mjukuu.

Mkojo ukivuja swala usiache, una udhuru, jisafishe, vaa pampasi safi, utawadhe wakati ukishaingia kwa kila faradhi, mengine shekhe wako atakwambia.

La mwisho, mgongo ukianza maumivu mapya na miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukakataa kabisa kutoka, usingoje asubuhi, ni hospitali ya King Fahd hapa Amu usiku huohuo. Walioko Pate na Faza, namba ya nahodha anayekubali kuvuka usiku iwe kwenye simu ya mke na ya watoto, si yako tu.