Jedwali Tupu Kwanza: Jinsi ya Kufanya Utafiti Wako wa Kwanza wa Saikolojia

Kila msimu wa tasnifu ukifika, wanafunzi hunijia na faili lililojaa namba na swali lilelile: "Mwalimu, nitumie kipimo gani cha takwimu?" Data imeshakusanywa, washiriki wameshakwenda zao, na mimi ndiye ninayetakiwa kutafuta dawa. Ronald Fisher, ambaye sehemu kubwa ya takwimu tunazotumia imetoka mikononi mwake, alisema mwaka 1938 kwamba kumwendea mwanatakwimu jaribio likiwa limeshakwisha mara nyingi ni kumwomba achunguze maiti: labda atakwambia lilikufa kwa ugonjwa gani.

Kwa hiyo nina sharti moja. Simsimamii mtu ambaye hajaniletea jedwali tupu la matokeo. Safu ziwe na majina, mistari iwe na majina, nafasi za namba ziwe wazi. Ukishindwa kulichora, bado hujui unatafuta nini, na hojaji ya kurasa sita haitakujulisha.

Tushike mfano mmoja tuende nao. Unataka kujua kama mtu anayesoma kisha akajipima mwenyewe anakumbuka zaidi kuliko anayesoma na kurudia kusoma. Swali ni zuri, ila bado halishikiki. Kukumbuka nini, baada ya muda gani, kwa kuhesabu kitu gani? Ukiniandikia "kumbukumbu itapimwa", nitakurudishia karatasi yako. Andika hivi: washiriki wote wanasoma kifungu chenye hoja 30. Kundi la kwanza linakisoma tena. Kundi la pili linafunga karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Wiki moja baadaye kila mmoja anaandika anachokikumbuka, na alama yake ni idadi ya hoja alizozipata kati ya 30. Hapo jedwali linachoreka lenyewe: mistari miwili ya makundi, safu ya idadi ya washiriki, safu ya wastani, safu ya mkengeuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika).

Mbona wiki moja, si palepale? Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio la aina hii mwaka 2006. Walipopima baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza: asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopima baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Fikiria mtafiti ambaye angepima palepale tu na kufunga daftari. Hesabu zake zote zingekuwa sahihi, na ushauri wake kwa wanafunzi ungekuwa wa kuwapoteza. Muda wa kupima ni sehemu ya swali lako, kwa hiyo uamue na uweze kuutetea.

Kugawa makundi ni kazi ya bahati nasibu, si ya macho yako. Usiwaweke waliokaa mbele kundi moja na waliokaa nyuma kundi jingine, wala usimwachie mtu achague. Wanaopenda kukaa mbele wana tabia zao, na tabia hizo zitaingia kwenye alama bila kubisha hodi. Piga kura au tumia programu inayotoa namba za nasibu, na uandike ulivyofanya. Kama huwezi kugawa, ukaamua tu kuwauliza watu wanavyosoma na kulinganisha na alama zao, huo nao ni utafiti halali. Lakini umepata uhusiano tu. Huenda wenye bidii ndio wanaojipima na ndio pia wanaolala mapema, wanaohudhuria kila kipindi na kadhalika. Neno "husababisha" lisionekane popote kwenye ripoti yako.

Halafu kuna suala la nani anasahihisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Ujerumani aliyeitwa Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alimchunguza na kugundua kwamba muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Farasi alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji, na muulizaji mwenyewe hakuwa na habari. Hakukuwa na ulaghai wowote, na ndiyo maana kisa hiki kinanitisha kuliko visa vya ulaghai. Wewe unayetamani kundi la pili lishinde utakuwa mkarimu kwenye hoja iliyoandikwa nusunusu, bila kujijua. Basi karatasi ziwe na namba za siri, msahihishaji asijue ipi ni ya kundi gani, na mtu wa pili asahihishe sehemu yake kivyake ili mwone mnakubaliana kiasi gani.

Sasa tuje kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote: washiriki wangapi? Wengi hujibu "30", na ukiwauliza 30 imetoka wapi hawana la kusema. Idadi hutokana na ukubwa wa tofauti unayoitafuta. Jacob Cohen alipendekeza kuipima tofauti kwa kuigawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kwa kiasi ambacho alama za watu hutawanyika kuzunguka wastani wao. Jibu la 0.2 aliliita dogo, 0.5 la kati, 0.8 kubwa. Ukitafuta tofauti ya 0.5 kati ya makundi mawili, na ukataka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona iwapo kweli ipo, kwa kiwango cha kawaida cha 0.05 (mpaka wa ile thamani ya p nitakayoieleza hapa chini), unahitaji watu 64 kila kundi. Si 30 wote kwa pamoja.

Twende na namba za kubuni uone. Tuseme waliojipima wamepata wastani wa hoja 15, waliorudia kusoma 13, na mkengeuko sanifu ni 4 kwa makundi yote mawili. Tofauti ni 2, ukigawa kwa 4 unapata 0.5. Ukiwa na watu 20 kila kundi, kipimo cha t, kinacholinganisha wastani wa makundi mawili, kinatoa 1.58 na thamani ya p inakuwa kama 0.12. Ukiwa na 64 kila kundi, t ni 2.83 na p ni kama 0.005. Wastani ni uleule, tofauti ni ileile, kilichobadilika ni idadi ya watu tu. Yule wa kwanza, mwenye watu 20, ataandika "hakuna tofauti", na atakuwa amekosea: alichokuwa nacho ni data isiyotosha kuamua. Kipindi chake cha kuaminika, kwa asilimia 95, kinaanzia kama −0.6 hadi 4.6. Yaani tofauti inaweza kuwa sifuri, inaweza kuwa hoja nne na zaidi. Wa pili anapata 0.6 hadi 3.4. Mimi ningependa uniandikie vipindi hivyo kabla hata hujataja p.

Na p yenyewe isikubabaishe. Ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii yako au zaidi, endapo kwa kweli makundi hayatofautiani. Basi. Haikwambii uwezekano wa nadharia tete yako kuwa kweli, wala haikwambii tofauti ni kubwa au ina maana kwa maisha ya mtu. Mpaka wa 0.05 ulienezwa na Fisher huyohuyo kupitia kitabu chake cha 1925 kama kiwango kinachofaa kwa matumizi, haukushuka kutoka mbinguni.

Ubaya huanza pale p inapokataa kushuka. Mwanafunzi anaondoa washiriki wawili "waliokuwa na usingizi", anajaribu wanawake peke yao, anaongeza watu kumi, anapima tena. Ukipima mambo 20 yasiyo na tofauti yoyote, na kila moja likiwa peke yake halitegemei jingine, uwezekano wa angalau moja kutoka na p chini ya 0.05 ni kama asilimia 64. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walifanya kichekesho cha makusudi: kwa kuchagua cha kupima na cha kuacha baada ya kuiona data, "walithibitisha" kwamba kusikiliza wimbo fulani kunapunguza umri wa mtu kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Ni kupiga mshale kwanza na kuchora shabaha baadaye. Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa. Za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani p chini ya 0.05. Kwenye marudio, asilimia 36. Ndiyo maana nakuomba uandike mapema, tena kwa tarehe, nani ataondolewa kwenye data na kwa sababu gani, utaishia watu wangapi, na utatumia kipimo kipi. Kuna hazina za mtandaoni zinazokuhifadhia andiko hilo bila malipo. Kukitokea wazo jipya baadaye, lifanyie kazi, lakini liite kwa jina lake: wazo lililozaliwa baada ya kuiona data.

Maadili nimeyaweka hapa katikati, ingawa miongozo mingi huyaweka mwishoni kama risiti. Uamuzi wake nao hufanywa kabla ya mshiriki wa kwanza. Mfano ninaoutumia kila mara ni hojaji ya PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu dalili za sonona, kila moja likijibiwa kwa 0 (kamwe) hadi 3 (karibu kila siku), na wanafunzi huipenda kwa sababu ni fupi na haina malipo. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mtu akiweka 3 hapo, utafanya nini? Utaiona lini: siku hiyohiyo, au baada ya wiki sita ukiwa unaingiza data? Kama uliahidi kutochukua majina kabisa, huwezi kumfikia hata ukitaka. Kama ulichukua majina na kuahidi usiri tu, unaweza, ila alipaswa kujua tangu mwanzo kwamba usiri huo una mpaka wake. Kwa utafiti wa shahada ya kwanza mara nyingi nashauri toleo la PHQ-8, lisilo na swali hilo, na kila mshiriki apewe mawasiliano ya mahali pa kupata msaada, si wale tu wenye alama za juu. Ukisisitiza kulitumia swali la tisa, niletee jina la mtaalamu aliyekubali kupokea simu yako. Kamati ya maadili nayo itakuuliza hilohilo.

Ridhaa si kutia saini tu. Katika jaribio la Stanley Milgram lililochapishwa 1963, wanaume 40 waliambiwa wampige mtu mwingine umeme kila akikosea jibu, na 26 kati yao walifika mwisho wa swichi, volti 450, kwa kuambiwa tu waendelee na mtu waliyemwona kuwa mwenye mamlaka. Mtu huyo hakupigwa umeme wowote, lakini wao hawakujua. Sasa wewe ni mhadhiri msaidizi, unawaomba ushiriki watu ambao kesho utawasahihishia mtihani. Watakataaje? Mwombaji awe mtu mwingine, na anayejitoa njiani asipoteze chochote. Ripoti ya Belmont ya 1979 kuhusu maadili ya utafiti, iliyoandikwa Marekani baada ya kufichuka kwa utafiti wa kaswende wa Tuskegee wa 1932 hadi 1972, ambamo wanaume weusi wagonjwa waliachwa bila tiba, ilitaja misingi mitatu: kuheshimu watu, kuwatendea mema, na haki. Kwenye mfano wetu haki ni jambo jepesi: utafiti ukiisha, wafundishe waliorudia kusoma mbinu ya kujipima.

Kabla ya kazi yenyewe, jaribisha na watu wachache ambao hawataingia kwenye data. Watakuonyesha maelekezo yasiyoeleweka na kifungu kilicho kirefu mno.

Ukishajaza jedwali, angalia grafu kabla ya vipimo. Alama ya 41 kati ya 30 ni kosa la kuingiza data, na wastani hautakwambia. Makundi mawili tofauti, kipimo cha t. Zaidi ya mawili, kipimo kiitwacho ANOVA. Hesabu za ndiyo na hapana, kipimo cha kai-mraba. Kwenye ripoti andika walioanza wangapi, waliobaki wangapi na waliopungua kwa nini. Hitimisho lisiwazidi uliowapima. Jeffrey Arnett alipochunguza majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, katika makala aliyoichapisha 2008, alikuta asilimia 96 ya sampuli zimetoka nchi za Magharibi zenye viwanda, na waandishi walikuwa wakisema "binadamu". Wewe andika "wanafunzi wa mwaka wa pili waliojitolea, kifungu kimoja, wiki moja."