Kutoka Baiskeli Hadi Pikipiki: Mwongozo wa Mwanzo kwa Mtu wa Tanga

Mtu wa Tanga si mgeni wa magurudumu mawili. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na zina namba, na baiskeli imebeba wanafunzi, wauza samaki na wazee wanaoelekea msikitini miaka mingi. Kwa hiyo pikipiki humvuta mtu mapema hapa: raha ya upepo usoni ameshaijua, sasa anaitaka bila jasho. Mwingine huvutwa na mlio wa injini, mwingine na hesabu ya nauli, mwingine na jirani anayerudi na pesa kila jioni. Hakuna sababu mbaya kati ya hizo. Ila kila moja ina pikipiki yake na hatari yake, na hapo ndipo pa kuanzia.

Umevutwa na nini?

Kama ni upepo na matembezi ya jioni hadi Raskazone, chukua pikipiki nyepesi ya sisi (cc, kipimo cha ukubwa wa injini) 100 au 125. Nguvu zaidi ya hapo hutaitumia mjini. Hatari yako ni barabara tupu jioni: mwendo unapanda bila wewe kuhisi, na mdudu mmoja akiingia jichoni umekwenda mita kadhaa ukiwa kipofu. Nunua kofia yenye kioo.

Kama ni kazi, chagua aina ambayo vipuri vyake vinauzwa kila duka na kila fundi anaifungua macho yamefumba. Boxer na TVS zimejaa vijiweni kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa sura. Hatari yako ni kupakia abiria kabla hujaiva. Abiria hubadilisha kila kitu: breki inachelewa, usukani unakuwa mwepesi mbele, na yeye mwenyewe anaegemea upande usioutarajia. Usimpakie mtu mpaka umetimiza kilomita 500 ukiwa peke yako.

Anayevutwa na safari, kwenda Pangani, Muheza, kisha kupanda milimani Amani, anahitaji sisi 150 na breki za kuaminika. Anayependa mashine yenyewe, yule anayefurahia kufungua plagi na kusafisha kabureta, ndiye pekee tunayemshauri kuanza na pikipiki kuukuu. Na kama umevutwa kwa sababu marafiki wote wanazo, subiri miezi mitatu. Hamu ya kweli itakuwa bado ipo.

Kipimo cha urefu na uzito ni hiki: kaa juu ya siti, miguu yote miwili iguse chini, angalau nusu ya mbele ya nyayo. Kisha shuka, isukume mita 20 injini ikiwa imezimwa na uigeuze. Ukishindwa, siyo yako bado.

Ukinunua iliyotumika

Fika asubuhi na gusa injini kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha ili usione inavyosumbua ikiwa baridi. Moshi wa buluu unaotoka nyuma maana yake inaunguza oili. Nyanyua gurudumu la mbele, shika fok, ile miguu miwili inayobeba gurudumu hilo, chini na uzivute mbele na nyuma. Zikigonga, beringi za usukani au bushi zimekwisha. Vuta cheni pale inapozunguka sproketi (duara lenye meno) ya nyuma: ukiona nusu ya jino, cheni na sproketi zinabadilishwa pamoja.

Kwa Tanga ongeza ukaguzi mmoja. Pikipiki iliyolala Sahare au Mwambani imekunywa hewa ya chumvi. Piga tochi chini ya madigadi, kwenye spoki na kwenye viungo vya ekzosi, yaani bomba la moshi. Kutu ya juujuu si kitu, lakini spoki inayomeguka ukiipinda kidogo ni gurudumu zima la kusuka upya.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujalipa senti ya mwisho. Leseni ni ya kundi la A. Anza na leseni ya kujifunzia, na bima iwe hai tangu siku ya kwanza.

Mavazi

Kofia ngumu ifungwe kidevuni hadi vidole viwili tu vipite chini ya mkanda. Kisha mtu aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka kichwani, hiyo ni mapambo. Kofia iliyowahi kuanguka kwa kishindo usiinunue hata kwa bei ya bure: povu gumu la ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, nalo hubonyea mara moja tu.

Viatu vifunike vifundo. Kanga, buibui na kanzu ni mavazi ya heshima, lakini pindo likifika kwenye spoki au cheni humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Kusanya kitambaa chote, kikalie, na vaa suruali ndani. Ekzosi kwa kawaida iko kulia na ndiyo inayounguza mashavu ya miguu ya watu wengi, kwa hiyo panda na shuka kushoto, na abiria wako vilevile.

Mkono wa baiskeli

Hapa ndipo mtu wa Tanga anapohitaji kufundishwa tofauti na mtu asiyewahi kupanda baiskeli. Usawa anao tayari. Tatizo ni mikono. Kwenye baiskeli, ukishtuka unabana mikono yote miwili, nayo inasimama. Kwenye pikipiki mkono wa kushoto ni klachi. Ukibana yote kwa hofu, kushoto umeitenga injini na gurudumu, kulia umeikaba breki ya mbele peke yake, na mguu wa kulia, ambao ndio wenye breki ya nyuma, umeshautoa nje kuburuza chini kama ulivyozoea. Juu ya mchanga, anguko limekamilika.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha, kaa juu ya pikipiki iliyozimwa na utaje kwa sauti huku ukigusa: kushoto mkononi klachi, kulia mkononi mafuta (mshiko unaosokotwa kuongeza mwendo) na breki ya mbele, kushoto mguuni gia, kulia mguuni breki ya nyuma. Rudia hadi mtu akikutajia kimoja ghafla, kiungo kinakwenda chenyewe. Miguu ikae juu ya vikanyagio wakati wote pikipiki inatembea.

Uliza pia mpangilio wa gia. Kuna pikipiki ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele, na nyingine namba moja iko chini na zilizobaki zinapandishwa. Ukiazima ya mwenzako bila kuuliza, utadhani unapandisha kumbe unashusha, na gurudumu la nyuma litajifunga.

Klachi

Tafuta uwanja wa udongo mgumu usio na watu, na uombe ruhusa kama ni wa shule. Weka nyutro (bila gia), fungua koki ya mafuta, vuta choki kama injini ni baridi, washa. Bana klachi mpaka mwisho, tia gia ya kwanza. Sasa usiguse mafuta kabisa. Achia klachi polepole, upana wa ukucha kwa ukucha. Mahali fulani katikati mlio utashuka, injini itaguna, na pikipiki itataka kutambaa. Hapo ndipo inapokamata. Simamisha vidole hapohapo, iende mita moja, bana klachi, gusa breki, simama. Fanya mara 20. Pikipiki nyingi ndogo zikiwa tambarare zinaondoka bila mafuta, kwa hiyo zoezi hili linaufundisha mkono wa kushoto bila wa kulia kuingilia.

Baada ya hapo ongeza mafuta kidogo mlio ukianza kushuka. Ikizimika, umeachia vidole kwa pamoja. Hakuna kilichoharibika, rudi nyutro. Ikiruka, sababu ni hii: pikipiki imetoka kwa nguvu, mwili umebaki nyuma, mkono wa kulia umening'inia kwenye usukani na kwa kuning'inia unazidi kusokota mafuta. Dawa ni mbili. Kifundo cha mkono wa kulia kikae chini ya usawa wa usukani, si juu yake. Na ukitaharuki kwa lolote, bana klachi kwanza, kwa sababu injini ikinguruma bila kushika gurudumu haimpeleki mtu popote.

Breki

Vijiweni utaambiwa breki ya mbele inaangusha. Inaangusha ikikabwa ghafla, au usukani ukiwa umekatwa, au juu ya mchanga. Kwenye lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, maana uzito mwingi unahamia mbele unapopunguza mwendo na tairi la nyuma linabaki jepesi. Anayetegemea ya nyuma peke yake huteleza mbali.

Ibane kama unavyokamua ndimu: mwanzo taratibu, kisha nguvu inaongezeka. Weka jiwe uwanjani, liendee kwa kilomita 20 kwa saa, anza kubana ukilifikia kwa breki zote mbili, na hesabu hatua ulizovuka. Rudia hadi zipungue bila gurudumu kujifunga. Likijifunga la mbele, achia mara moja na bana upya.

Usisahau hesabu hii: kwa kilomita 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka ni mita 14 kabla breki haijaanza kazi. Kwa 30 ni mita 8 na kidogo.

Kona, mchanga, reli na mvua

Pikipiki hufuata macho. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Punguza mwendo na shusha gia kabla ya kona, tazama mwisho wake, kisha sukuma mbele upande wa usukani unakotaka kwenda: kushoto kwa kushoto. Inasikika kinyume, lakini mwendo ukishakolea pikipiki inalalia upande unaousukuma. Jaribu uwanjani kwa msukumo mdogo uone. Kwenye kipilefti mpishe anayetokea kulia kwako.

Mitaa ya ndani Makorora na Mikanjuni ina mchanga. Ingia taratibu kwa gia ya pili, mafuta yawe yaleyale, mikono ilegee, macho mbali. Usukani utacheza, uache ucheze. Anayefunga mafuta katikati ya mchanga huzamisha tairi la mbele na hulala nalo. Reli ivuke ikiwa mbele yako kama kizingiti, usiende sambamba nayo, maana tairi jembamba huingia kwenye mfereji wake.

Masika, dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu vumbi na oili vinaelea juu ya lami. Simama, kunywa chai, acha mvua ioshe barabara.

Chumvi na cheni

Karibu na bahari, osha pikipiki kwa maji baridi ya bomba kila wiki na ikaushe, kisha cheni itie oili ya gia namba 90, matone kwa upande wa ndani huku unazungusha gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Kidole kinaliwa na sproketi kwa kufumba na kufumbua. Ulegevu wa cheni katikati, upande wa chini, uwe sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa mno inaua beringi za giaboksi, ikilegea mno inachomoka na kufunga gurudumu ukiwa mwendoni.

Upepo wa tairi kwa pikipiki za aina hii ni kama psi 25 mbele, 28 nyuma, na karibu 32 nyuma ukiwa na abiria. Kibandiko au kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Pikipiki mpya imwagwe oili ya kwanza ikifika kilomita 500, kwa kuwa oili hiyo imebeba unga wa chuma cha vifaa vinavyozoeana.

Safari za kwanza

Anza na Jumapili alfajiri hadi Pongwe na kurudi. Upande wa mashamba ya mkonge hakuna kinga, na lori linalokuja mbele husukuma upepo unaomtikisa mgeni. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti. Injini ikikohoa na kufa njiani, kabla ya kumpigia fundi, geuza koki ya mafuta iende rizavu, yaani akiba.

Ukishazoea kwenda Muheza, utaanza kuitamani Amani. Kupanda si kazi. Kazi ni kuteremka juu ya udongo mwekundu, ambako wengi huzima injini au kuweka nyutro ili kubana mafuta. Hapo breki imebaki peke yake kuzuia mlima mzima. Inapata moto na inaanza kupoteza nguvu kona baada ya kona. Teremka kwa gia ya pili, au ya kwanza penye ukali, injini ikiwa inawaka na mshiko wa mafuta umeachiwa, na breki uiguse kwa vipindi. Ukifika chini dondoshea maji kidogo kwenye dramu (kasha la breki) ya gurudumu la nyuma. Yakichemka, ulitegemea breki kuliko gia. Pumzika hadi ipoe kabla ya kushika njia ya mjini.