Pata "nimeridhika" ya maandishi kabla ya kutuma faili za mwisho

Juzi mteja aliyenilipa kwa kadi aliiambia benki yake kwamba hakupata kazi, pesa ikavutwa kutoka kwenye akaunti yangu. Kilichoirudisha ni mstari mmoja wa barua pepe yake uliosema ameridhika. Sasa kila kazi ikikamilika natuma kwanza sampuli yenye jina langu juu yake, kisha namwomba mteja ajibu kwa maneno yake mwenyewe, mfano: "Nembo nimeiona, nimeridhika, tuma faili." Jibu hilo lisipokuja, faili hazitoki.

Benki haimjui yeyote kati yenu, anayeamua anasoma karatasi tu. Madai yanayotukuta sana ni "sikupata" na "sivyo tulivyokubaliana". Mstari huo unajibu la pili, na ukiuambatanisha na makubaliano ya mwanzo pamoja na tarehe faili zilipopakuliwa, la kwanza nalo linakosa nguvu. Mkiongea kwa simu, mwandikie mliyoafikiana na umwombe athibitishe. Emoji ya dole gumba pekee ni ushahidi dhaifu, tafadhali usilitegemee.

Usifute mazungumzo mapema: kwa Visa na Mastercard mlalamikaji mara nyingi ana siku 120 za kufungua dai, PayPal siku 180.

Mbinu hii haifui dafu kadi ikiwa ya wizi, maana mwenye kadi hakukuandikia chochote. Jina la kwenye malipo lisipolingana na la mteja, uliza kabla hujagusa kazi.