Maua ya Msimu kwa Jua la Tabora: Kuanzia Mbegu hadi Mwezi wa Kumi

Mama mdogo wangu anakaa Isevya, hapa Tabora mjini. Alitaka mbele ya nyumba pawe na rangi mwezi wa kumi, wakati mji mzima ni vumbi na majani makavu. Tumepanda, yamechanua, na sasa majirani wanagonga geti kuuliza. Naandika tulivyofanya ili nisirudie maelezo kwa kila mmoja.

Hatua ya 1: Chagua maua

Zinia kwanza. Asili yake ni Mexico, jua kali ni kwao, na ina rangi karibu zote ukiacha buluu. Ya pili ni merigoldi, ile yenye vichwa vikubwa vya njano na chungwa. Selosia na gomfrena ni za ukoo mmoja na mchicha, kwa hiyo unajua mwenyewe jinsi zinavyovumilia joto. Pembezoni weka potulaka: inatambaa, majani yake yana maji ndani, na maua hufunguka jua likishapanda. Siku ya mawingu hayafunguki vizuri, usishtuke.

Petunia siipandi. Ni ndugu wa tumbaku, na baadhi ya magonjwa ya tumbaku huipata pia. Katika mkoa ambao watu wengi wameshika jani la tumbaku, sioni sababu ya kujitafutia kazi.

Hatua ya 2: Pata mahali

Jua la saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe sahau, hata kama ndipo panapopendeza kukaa.

Hatua ya 3: Udongo

Lima kina cha sentimita 25 hadi 30. Changanya samadi ya ng'ombe iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Samadi mbichi ya kuku inaunguza mizizi, iache. Yurea nayo iache: utapata majani mazuri ya kijani na maua ya kuhesabu.

Kwa kiangazi, tengeneza tuta la kuzama, sehemu ya kupanda iwe chini ya njia kwa kama sentimita 10, na kingo zisimame. Masika yakija unageuza, unanyanyua tuta, vinginevyo mizizi itaoza.

Hatua ya 4: Sia mbegu

Mwishoni mwa Julai. Zinia huchukua wiki nane hadi kumi kuchanua, kwa hiyo hesabu inaangukia Oktoba. Zinia na merigoldi sia moja kwa moja kwenye tuta, zifukie kidogo tu. Zinia utaiona ndani ya wiki. Mbegu za potulaka na selosia ni vumbi tupu na zinataka mwanga: zimwage juu ya udongo uliolowa, zibonyeze kwa kiganja, usifukie.

Miche ikisongamana na udongo ukawa chepechepe muda wote, kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche karibu na udongo, kitaikata shingo usiku mmoja. Punguza mapema. Zinia ziachane sentimita 30, selosia 20 hivi, potulaka 15.

Hatua ya 5: Kumwagilia

Hapa ndipo wengi wanapopoteza maua halafu wanalilaumu jua. Udongo wetu mwingi ni mchanga. Ukinyunyiza kidogo kila jioni, unalowa juu tu, mizizi inabaki juu kufuata maji, na kesho yake saa saba mchana sehemu hiyohiyo ndiyo inayokauka kwanza. Mmea hauna pa kukimbilia.

Mche ukiwa mdogo, ndiyo, mwagilia kidogo kila siku. Ukishafika kimo cha shubiri, badilisha: ndoo moja ya lita 20 kwa mita moja ya mraba, kila siku ya tatu. Usiimwage yote kwa mkupuo. Mchanga na samadi vikikauka sana hukataa maji, yanateleza tu juu. Mimina nusu, zunguka ufanye kazi nyingine, kisha rudi na nusu iliyobaki.

Kabla ya kumwagilia chimba kwa kijiti hadi sentimita 10. Kama chini kuna ubichi, subiri kesho, hata kama juu pameparara.

Mama mdogo alinipigia simu mchana: "Mwanangu, zimelala zote!" Nikamwambia, "Mama, ziangalie tena magharibi." Magharibi zilikuwa zimesimama. Kulegea mchana kwenye joto la Oktoba si lazima iwe kiu. Zikiwa zimelegea alfajiri, hiyo ni kiu, mwagilia saa hiyohiyo.

Mimi natumia keni, na maji yanakwenda shinani. Mpira wa maji siupendi: presha inafukua mizizi, na mtu akiushika huwa anarashia majani. Majani ya zinia yakilala na maji hupata magonjwa ya madoa. Mwagilia asubuhi, na siku ambayo bomba halitoi, maji uliyooshea mboga yanafaa kabisa. Ya sabuni ya kufulia usimwage hapo.

Matandazo yanatunza ubichi, ila nyasi kavu zinaita mchwa, na mchwa wa Tabora hawahitaji mwaliko. Natandaza samadi iliyooza vizuri, tabaka jembamba, nikiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina.

Hatua ya 6: Zuia kuku

Matawi ya miiba au wavu. Siku watakapogundua tuta lako ndiyo siku litakapokwisha.

Hatua ya 7: Kata

Zinia ikifika sentimita 25, kata ncha juu ya jozi ya tatu ya majani. Inauma kuikata, lakini itatoa matawi na maua mengi zaidi. Ua likinyauka, likate, usiliache lifunge mbegu, kwa sababu mmea ukishapata mbegu hupunguza maua.

Mwishoni acha vichwa vichache kwenye mimea mizuri zaidi vikauke hadi viwe kahawia, vianike kivulini, weka mbegu kwenye bahasha ya karatasi. Kama pakiti ya dukani iliandikwa chotara, rangi za mwakani huenda zisifanane na za mwaka huu.